Chupa za Dereva

Majibu ya mkemia yaliingia Alhamisi asubuhi, na yalikuwa mabaya kwa kila aliyetaka kesi ile iishe mapema. Dawa haikuchezewa. Hakuna aliyeichanganya na maji wala aliyeibadilisha. Kilichoandikwa juu ya chupa ndicho kilichokuwamo ndani. Inspekta aliisoma karatasi mara mbili, akaitia mkobani, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Lifti ya taasisi ile ilikuwa na mazoea ya kukwama njiani, na yeye hakuwa na mpango wa kushinda humo akihoji kuta.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Miaka saba nyuma, dereva mmoja wa lori alikufa kwa saratani ya ini. Yeye alizikwa, lakini kipande cha uvimbe wake kilibaki hai katika chupa bapa za plastiki, kikila maji mekundu yenye sukari, na maabara nzima ikaziita seli zile Dereva. Kwa miaka mitano Profesa alizijaribia dawa yake, na kwa miaka mitano zilikufa kama alivyotaka. Sasa mtoto wa yule dereva, mwalimu wa hesabu, alikuwa na ugonjwa ule ule. Jumatatu saa tatu asubuhi angekuwa binadamu wa kwanza kuimeza dawa hiyo. Ili aingie kwenye majaribio aliahirisha upasuaji, ingawa daktari alimwambia bila kumficha kwamba uvimbe wake bado unakatika, ila baada ya wiki kumi na mbili za kungoja huenda usikatike tena.

Wiki mbili zilizopita Dereva aligoma kufa. Dawa ile ile, kipimo kile kile, na chupa zenye dawa zikakua sawasawa na chupa zisizo na dawa. Profesa akang'aka kwamba anahujumiwa, mkurugenzi akawapigia simu polisi, na macho yote yakamgeukia fundi wa maabara, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei aliyeitwa Chumvi kwa sababu ndiye aliyechanganya maji ya chumvi ya kuoshea seli. Chumvi alinyimwa cheo mara mbili. Funguo alikuwa nazo. Alikuwa amekalia kuti kavu, na mwenyewe alilijua hilo.

"Umemkamata?" Profesa aliuliza kabla hata Inspekta hajaketi.

"Dawa yako ni nzima, Profesa."

"Basi kachezea chakula chao. Au kachezea joto. Huyu bwana ni mjanja, usimwone anatembea kinyonge."

"Hebu nieleze kwanza dawa inavyofanya kazi. Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu alikuwa mkunga."

"Afadhali. Mimi nilikuwa muuguzi kabla ya hii kazi, kwa hiyo hatutapishana sana."

Profesa alivuta karatasi akachora duara. Ilionekana ameshalichora duara lile mara nyingi maishani. Juu ya ukuta wa seli, alisema, kuna milango. Ishara ya kukua ikifika inagonga. Mlango ukifunguka, amri inapokezwa mkono kwa mkono hadi kwenye kiini, na seli inajigawa mara mbili. Katika ini zima milango hufunguka pale tu panapohitajika. Seli za Dereva zilijaa milango kupita kiasi, na yote iko wazi usiku na mchana.

"Dawa yangu inaipigilia misumari," alisema. "Amri haipiti. Seli inakaa, inasubiri, inakufa."

"Na uvimbe wenyewe, wakati mgonjwa yu hai, ulikuwa na milango hiyo mingi?"

Profesa aliweka kalamu chini. "Wakati ule hatukuwa na kipimo cha milango."

"Mlipima nini?"

"Vitu vya kawaida. Virusi vya homa ya ini, alikuwa navyo. Na protini moja ya ndani. Karatasi ipo mahali."

"Nitaitafuta."

"Inspekta, tumebakiwa na siku nne. Mimi nimekwambia mhalifu ni nani. Unataka karatasi za nini?"

"Ndiyo kazi yenyewe," alisema Inspekta, akaomba ufunguo wa chumba cha kumbukumbu.

Chumba hicho kilikuwa kabati lililobahatika kupata dirisha. Inspekta alikaa humo saa tatu nzima, miwani puani, akipanga madaftari sakafuni kwa miaka. Wenzake kituoni walimtania kwamba siku akifa atataka kukisaini cheti chake mwenyewe. Aliwaacha wacheke. Mtu anayehojiwa huwa anakupangia maneno, lakini daftari la kulisha seli halikuandikwa kwa ajili ya polisi.

Seli zikijaa chupa hugawanywa: nyingine zinamwagwa, nyingine zinahamishiwa chupa mpya, na tarehe inaandikwa. Mwaka wa kwanza Dereva aligawanywa kila baada ya siku kumi au kumi na moja. Mwezi wa tano wa mwaka wa pili, siku zikawa nane. Kisha sita. Kisha tatu, na zikabaki tatu kwa miaka mitano iliyofuata. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa furaha: Amezoea chupa! Mwandiko ulikuwa wa Profesa.

Inspekta alirudi nyuma ukurasa mmoja mmoja. Mwezi wa nne wa mwaka huo kulibandikwa kijikaratasi kilichokwisha kugeuka rangi. Chakula kimebaki chupa moja, kilisema. Itumike kwa wote mpaka mzigo ufike. Chini yake ilikuwapo sahihi ya Profesa.

Aliandika tarehe, akaendelea. Karatasi ya uvimbe aliipata ndani ya jalada la vipimo vya panya, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angeitafuta. Virusi vya homa ya ini: vipo, tena vimejichomeka ndani ya vinasaba vya seli. Karatasi ya pili, ya mwaka jana, ilihusu seli za kwenye chupa. Virusi: havipo. Aliziweka zile karatasi mbili ubavu kwa ubavu akazitazama kwa muda. Alipokuwa muuguzi alifundishwa kwamba virusi vya homa ya ini vikishajichomeka namna ile havitoki hivi hivi.

Mwisho alichukua utepe wa pipa la barafu. Seli za akiba hutunzwa kwenye pipa la naitrojeni, katika baridi isiyo na mfano, na pipa lina kipimajoto kinachojiandikia chenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Wiki sita zilizopita, Jumamosi saa nane na dakika kumi mchana, mstari ulipanda kidogo, ukashuka baada ya dakika nne. Pipa lilifunguliwa. Kwenye daftari la sahihi, Jumamosi hiyo ilikuwa tupu.

Akaangalia ratiba ya zamu, kisha akaenda kumtafuta Chumvi.

Alimkuta akiosha vyombo. Alikuwa na mikono mikubwa iliyobabuka kwa dawa za kuulia vijidudu, na alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jumamosi ya wiki sita zilizopita ulikuwa zamu."

"Ndiyo."

"Ulifungua pipa."

"Hapana."

Inspekta alimkunjulia utepe mapajani. Chumvi aliutazama.

"Inaweza kuwa hitilafu ya mashine."

"Inaweza. Na siku hiyo mashine ilikuwa na ufunguo wa nani?"

Chumvi alifuta mikono kwenye koti lake, ingawa ilikuwa imekauka.

"Mama, nikikwambia, kazi sina."

"Usiponiambia, Jumatatu nakupeleka mahakamani kwa kuhujumu dawa ya wagonjwa. Chagua mwenyewe."

Hapo akamwaga mtama. Seli hukaa kwenye kabati la joto linalolishwa hewa ya mtungi. Ijumaa ile jioni alisahau kuangalia geji ya mtungi, na mtungi ukaisha. Asubuhi ya Jumamosi maji mekundu yalikuwa yamegeuka zambarau, na chupa zote za Dereva, kumi na nne, zilikuwa zimekufa.

"Nikaona nimekwisha. Kwenye pipa, vichupa vya juu ndivyo tunavyovitumia, vimehesabiwa, Profesa anavijua kimoja kimoja. Lakini chini kabisa kuna vya mwaka wa kwanza. Vitatu. Hakuna anayeviangalia. Nikachukua kimoja, nikakiyeyusha, nikamfufua Dereva upya."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Vile ni vya akiba ya mwisho, kuvigusa mpaka sahihi mbili."

"Zilivyokua, zilikuwa sawa na zile za zamani?"

"Hapana." Kwa mara ya kwanza alizungumza bila woga, kama fundi. "Zilikuwa zivivu. Zinajikusanya vikundi vikundi, zinashikana, hazitambai. Zinanikawiza siku kumi kujaza chupa. Nikasema labda zimeugua kwa kukaa barafuni. Nikazilisha, nikanyamaza. Profesa alipozijaribia dawa, hazikujali."

Inspekta alitoa kile kijikaratasi cha rangi ya chai. "Hebu nisomee hiki. Kina ubaya gani?"

Chumvi alikisoma.

"Hii ilikuwa kabla sijaajiriwa," alisema. "Kila ukoo wa seli una chupa yake ya chakula, mama. Hiyo ni sheria ya kwanza unayofundishwa. Ukichota chakula, ukawapa hawa, kisha ukarudisha mrija kwenye chupa ile ile kuchota cha wale, tone moja likirudi ndani linatosha. Tone lina seli mia, mia mbili."

"Mwaka huo mlikuwa na ukoo gani mwingine?"

"Kiwavi. Nami nilimkuta hapa."

"Kiwavi ni nani?"

"Seli za mama mmoja, za saratani ya mlango wa uzazi. Tumeziita hivyo kwa sababu zinakula chakula cha siku kumi kwa siku tatu. Ukiwachanganya na wapole..." Macho yalimtoka pima.

"Kuna aliyewahi kuhakikisha kwamba Dereva ni Dereva?"

"Kibandiko kimeandikwa."

"Kwetu mtu akitaja jina lake tunaomba kitambulisho," alisema Inspekta. "Nitolee seli za Kiwavi, na za vichupa vya juu, na za chupa zako hizi za Jumamosi. Tuandike saa, na wewe utie sahihi."

Sampuli ya nne ilikuwa damu ya mwalimu. Aliitoa mwenyewe Alhamisi ile alasiri, hospitalini, akaambiwa tu kwamba polisi wanataka kulinganisha. Hakuuliza swali hata moja. Alisema ameshazoea kuchomwa.

Maabara ya polisi haikujua lolote kuhusu saratani wala haikutaka kujua. Kazi yao ilikuwa kutambua maiti zisizo na majina na kuamua ugomvi wa akina baba wanaokana watoto. Mtaalamu wa zamu alipokea mirija minne, akauliza nani anamdai nani, akaambiwa afanye kama kesi ya mtoto na baba. Ijumaa saa tisa alasiri karatasi ilikuwa tayari.

Profesa aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma amekaa.

"Rudia kipimo."

"Kimerudiwa. Seli za vichupa vya juu, hizo ulizofanyia kazi miaka mitano, ni za mwanamke. Zinalingana na Kiwavi alama kwa alama. Hazina undugu wowote na mwalimu."

"Na zile chafu za Chumvi?"

"Ni za mwanamume. Ni baba yake mwalimu."

Mashine ya baridi ilinguruma pembeni, ikanyamaza. Profesa alisema labda dawa inafanya kazi kwa njia nyingine. Inspekta alisema inawezekana, akauliza njia ipi. Inspekta akamsogezea ile karatasi ya zamani aliyoitoa kwenye jalada la panya.

"Hapa pameandikwa protini ya ndani imejaa kwenye kiini. Mimi sikuelewa. Nielewe vipi?"

Haikuwa rahisi kwa Profesa, ilionekana, lakini alikuwa mfundishaji kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na swali lilikuwa zuri. Alivuta ile karatasi yenye duara. Ndani ya seli ya ini, alisema kwa sauti ya chini, kuna mjumbe anayetengenezwa na kuvunjwa kila saa. Wapo makarani ambao kazi yao ni kumpiga mhuri, na akishapigwa mhuri anatupwa. Kwa mgonjwa huyu herufi moja ya kinasaba ilibadilika, pale pale mhuri unapogonga. Makarani wanatafuta mahali pa kumgonga, hawapaoni. Basi mjumbe havunjwi, anarundikana, anaingia kiini akitoa amri ya kukua saa zote.

"Amri haipiti mlangoni," alisema Inspekta.

"Haipiti mlangoni kabisa."

"Kwa hiyo unapigilia misumari mlango, na mwizi yuko chumbani."

Profesa alikuwa akikitazama kile kijikaratasi cha chakula alichowekewa mezani, chenye sahihi yake mwenyewe. Mzigo ulichelewa wiki mbili, alisema baadaye, na bila chakula seli zote zingekufa. Alisema pia kwamba alifurahi sana zilipoanza kukua haraka. Inspekta alimwonea huruma, na aliona pia kwamba huruma ile haikuwa na kazi pale ofisini.

"Barua ya kusimamisha majaribio," alisema. "Naisubiri hapa hapa."

Profesa aliiandika kwa mkono, mistari minne. Mkononi mwa Inspekta kesi ya hujuma ilikuwa imekwisha. Hapakuwa na mhalifu, palikuwa na mtungi uliosahauliwa na mrija uliorudishwa chupani. Suala la Chumvi na akiba ya mwisho lilikuwa la mkurugenzi. Inspekta aliandika kwenye taarifa yake, bila kutia maneno ya ziada, kwamba bila kosa la fundi huyo ukweli usingejulikana kabla ya Jumatatu.

Barua ingemfikia mwalimu kwa utaratibu wa ofisi siku ya kazi, yaani Jumatatu yenyewe. Inspekta aliutafakari utaratibu huo, akaamua kwenda mwenyewe. Jumamosi asubuhi alimkuta shuleni, katika chumba cha walimu, akisahihisha madaftari peke yake. Alikuwa amekonda, na weupe wa macho yake ulikuwa na manjano. Alivuta kiti cha pili kwa mguu.

"Karibu, mama. Nimefaulu au nimefeli?"

Inspekta alimweleza tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio, bila kupaka mafuta. Mwalimu alisikiliza, kalamu nyekundu ikiwa mkononi.

"Subiri," alisema. "Dawa imemaliza saratani ya baba miaka mitano. Nimeona picha. Nimeona michoro yao, nimeihakiki hesabu mwenyewe, ni sahihi."

"Hesabu ni sahihi. Dawa haijawahi kumgusa baba yako, mwanangu."

"Na zile zilizo zake kweli?"

"Dawa haikuzifanya kitu. Zilikua."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Nje mtu alikuwa akiburuta madawati, mguu mmoja wa chuma ukilia juu ya saruji.

"Mama yangu huwa anakwenda pale maabara," alisema. "Kila mwaka, tarehe aliyofariki. Wanamruhusu achungulie kwenye hadubini. Anavaa nguo nzuri, anajipaka manukato. Anamsalimia, anamweleza habari za nyumbani, nani kaoa, nani kazaa." Alianza kucheka, na kicheko kikamwishia njiani. "Miaka mitano anamsalimia mwanamke mwenzake."

Inspekta alitoa kikaratasi chenye namba ya daktari wa upasuaji, akakiweka juu ya madaftari.

"Mpigie sasa hivi," alisema. "Mimi nipo."

Simu iliita mara tano. Mwalimu alijitambulisha, akasema majaribio yamefutwa, akauliza kama ile nafasi yake bado ipo. Akasikiliza. Akasema ndiyo. Akasema hapana, hajala kitu chenye mafuta. Alichukua kalamu nyekundu akaandika juu ya jalada la daftari la mwanafunzi: Jumanne, saa moja asubuhi. Nafasi yake ya zamani ilikuwa imeshapewa mtu. Daktari angewasukuma wengine. Hakuahidi kwamba bado pako pa kukata, alisema angefungua atazame.

Alipokata simu alikaa akiitazama ile saa aliyoiandika.

"Baba yuko chupa ngapi sasa?" aliuliza.

"Sita. Chumvi anazilisha, ziko chini ya ulinzi wa polisi. Na kuna vichupa viwili kwenye barafu."

"Na ugonjwa wangu ni ule ule wake? Huyo mjumbe asiyevunjwa?"

"Profesa alikipima jana usiku kipande cha uvimbe wako kilichotunzwa hospitalini. Ni ule ule."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu la hesabu asilolipenda lakini asiloweza kulikosoa. Alilivuta daftari lililofuata, akalifungua, akalifunga tena.

"Basi mwambie huyo Chumvi amlishe vizuri," alisema. "Asimwache afe mpaka wapate dawa ya kumuua."